Pesa ya Shaba ya Bagamoyo

Mvua za masika zikisha kuosha vichochoro vya Mji Mkongwe wa Bagamoyo, si ajabu mtoto akaokota kipande cha shaba cha mviringo, kimevaa kutu ya kijani, hakina sura. Aghalabu hukimbilia ndimu na jivu, akasugua hadi king'are. Hapo ndipo tunapotamani kumshika mkono. Ukali wa ndimu hauchagui: huila kutu, kisha huila na shaba, na maandishi yakaondoka pamoja na uchafu. Tumepata kuiona moja iliyosuguliwa hivyo ili iuzwe kwa mtalii. Iling'aa kama kifungo kipya, na ilikuwa bubu kama kifungo.

Inafaa iloweshwe katika maji safi, nayo yabadilishwe siku baada ya siku, kwa kuwa chumvi ya pwani huendelea kuitafuna shaba kwa ndani. Udongo uliolegea utolewe kwa kijiti laini, kisha sarafu ikaushwe vyema. Rangi ya kijani tuiache.

Ndipo tuishike karibu na taa, mwanga uipitie kwa ubavu. Ikionekana mizani na mwaka 1299 wa Hijria, hiyo ni ya Sayyid Barghash wa Unguja. Akionekana tai mwenye taji, basi ni pesa ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika ya Mashariki, ya kati ya 1890 na 1892. Tuigeuze: ndani ya shada la majani kuna maandishi ya Kiarabu yataja shirika la Ujerumani, na mwaka wa Hijria, 1307, 1308 au 1309. Mgeni aliyekuja kututawala alilazimika kujitambulisha kwa herufi zilizofundishwa vyuoni mwetu! Na herufi hizo ndizo ndimu huziondoa.

Pesa 64 zilifanya rupia moja. Mwaka 1904 hesabu ilibadilishwa, rupia ikawa heller 100, na ulimi wa Mswahili ukaifanya heller kuwa hela. Mwaka 1916, vitani, Wajerumani walifua sarafu zao Tabora, zikatiwa herufi T. Rupia imekwisha kutoka madukani. Hela tungali tukidaiana kwa jina hilo hilo, ijapokuwa tunalipana kwa shilingi.