Jiko la Kuni katika Ardennes

Milima ya Ardennes, kusini-mashariki mwa Ubelgiji, si mirefu kama milima yetu ya Kivu. Mahali pa juu kabisa pa nchi ile, Signal de Botrange, hapafikii mita 700. Lakini baridi yake ni kali, na theluji huifunika misitu ya misonobari.

Karibu na Bastogne tuliingia katika nyumba ambamo jiko moja la kuni hupasha joto vyumba vyote. Ndani ya kuta za jiko hilo mna nafasi ya maji. Yakiisha kupata moto, pampu ya umeme huyasukuma kwa mabomba mpaka kwenye masanduku ya chuma yaliyotundikwa kila chumbani, kisha hurudi jikoni. Kuni hukaushwa miaka 2. Kuni mbichi huujaza lami mfereji wa moshi.

Je, umeme ukikatika usiku? Jiko la mazutu lingezimika mara, bali kuni zaendelea kuwaka, na maji yasiyotembea huchemka. Mvuke uliofungiwa waweza kupasua chuma na kuua watu. Ndiyo sababu bomba pana lapanda kutoka jikoni mpaka tangi lililo wazi darini, lililofunikwa sufu maji yasigande. Humo mvuke hupata kutoka. Katika bomba hilo hapawekwi koki kamwe. Fundi mmoja alitaka kuiweka. Baba mwenye nyumba, mwenye watoto wanne, alimwambia akusanye vyombo vyake aende zake.