Gari Yangu Ilinizoesha Vibaya

Ngoja niwaambie kitu sijaambia watu wengi. Mwezi wa sita nilikaribia kugonga mtoto wa shule, na gari niliyokuwa nikiendesha haikuwa na shida yoyote. Shida ilikuwa mimi.

Nirudi nyuma kidogo. Mwaka jana nilinunua gari yangu ya kwanza, ya 2018, moja kwa moja kutoka Japani. Kwa kuwa sheria yetu hairuhusu kuingiza gari iliyozidi miaka 8, zile zinazoshuka Mombasa siku hizi zinakuja na vitu ambavyo wazazi wetu hawakuvijua. Subaru walianza na EyeSight 2008, Toyota wakaleta Safety Sense 2015, na sasa zimetufikia. Yangu ina kamera hapo juu kwenye kioo cha mbele. Ukitoka kwa laini bila indiketa, inalia. Ukisogelea sana gari ya mbele, inapiga kelele, na usiposikia inashika breki yenyewe.

Wiki ya kwanza nilichoka. Thika Road, kila mat ikinikatia, gari inalia kama kengele ya shule. Ile ya kuacha nafasi kati yako na gari ya mbele ndiyo kichekesho kabisa. Nairobi ukiacha nafasi umekaribisha wageni: mat mbili zimeingia na boda iko katikati. Halafu mtaani kwangu, ambako mistari ya barabara ilifutika kitambo, kamera haioni laini yoyote. Inanyamaza tu.

Lakini ikaniokoa. Jioni moja pale Roysambu, mvua, jam inasonga polepole, nikaangalia simu sekunde mbili hivi. Gari ya mbele ikasimama ghafla. Yangu ikashika breki kabla mguu wangu haujasonga. Nilibaki hapo mikono ikitetemeka, nikasema hii gari siuzi.

Kumbe hapo ndipo niliharibika. Pole pole nikaacha kuangalia vioo vya pembeni, nangoja ile taa ndogo iniambie kuna mtu kando. Simu nikaanza kuishika zaidi, si kuna mtu ananiangalilia?

Sasa mwezi wa sita nikaenda nyumbani Karatina. Mzee akaniambia nimpeleke sokoni na Probox yake ya zamani, ile haina hata kamera ya nyuma. Karibu na geti la shule niliona gari zimesimama mbele, nikainama kutafuta stesheni ya redio. Najua vile itasikika, lakini akili yangu ilikuwa inangoja mlio. Mlio haukuja. Kilichokuja ni sauti ya mzee: "Breki!"

Mtoto alikuwa karibu na boneti, ameshika mkebe wake wa chakula, ananitazama. Hata hakulia. Akavuka, akaenda.

Mzee hakunigombeza. Tulienda kimya mpaka karibu na soko, ndipo akaniuliza, "Kwani ulikuwa unangoja nini?"

Sikumjibu. Nilijua jibu, lakini ningeanzia wapi?

Sisemi mzime hizi vitu. Mimi sijazima yangu, na pale Roysambu bado naishukuru. Nasema tu ujue gari yako inaweza nini. Baadhi ya mifumo ya mwanzo inatambua magari pekee, haioni mtu anayetembea kwa miguu. Kitabu cha gari kikiwa cha Kijapani, tafuta cha Kiingereza usome. Kamera ikijaa matope, haioni. Na ukibadilisha kioo cha mbele, kamera inafaa ipimwe upya. Usikubali fundi akuambie "iko sawa" na hajaigusa.

Kwangu mimi simu sasa inakaa kiti cha nyuma. Naangalia kioo kwanza, taa baadaye. Na nikiazima gari ya mtu, kabla sijatoa hendibreki najikumbusha kwa sauti: hapa hakuna wa kulia.

Yako inazo? Ilishawahi kukuokoa, ama ilikulegeza kama mimi? Niambie ukweli, sitakucheka.