Jua la Bukavu

Katika chumba chetu cha sala, huku Kadutu, Bukavu, ushuhuda unatazamiwa uishe kwa kupona. Wangu hauishi hivyo. Mwanangu wa tatu alizaliwa na ualbino na atazeeka nao, Mungu akimpa uzee. Tuliobadilika ni sisi wa nyumbani, pamoja na ngozi yake, ambayo siku hizi haina malengelenge wala vidonda.

Alipozaliwa, maneno yalinikuta bado niko kitandani. Huyu alisema nimezaa na Mzungu, yule akasema nilimcheka albino nikiwa na mimba. Bwana yangu alinyamaza, na kunyamaza kwake kuliniuma kuliko umbeya wa majirani. Mama-mkwe hakuficha lake: katika ukoo wao jambo hilo halijawahi kuonekana.

Daktari wa ngozi alitaka tuje wote watatu: mimi, bwana yangu na mama-mkwe. Alitupangia maharagwe mezani, meupe na mekundu. Kila mzazi ana mbegu mbili za rangi, akasema, na mtoto huchukua moja kwa baba na moja kwa mama. Bwana yangu na mimi kila mmoja ana moja nzima na moja isiyofanya kazi. Ile nzima inatosha, ndiyo maana sote ni weusi. Mtoto akiangukiwa na mbovu mbili, anakuwa na ualbino. Katika kila mimba, uwezekano huo ni mmoja kati ya minne, na mimba inayofuata haijali iliyopita ilitoa nini. Mbegu hiyo inaweza kupita vizazi na vizazi bila mtu kuiona, na ualbino hauwezi kumfikia mtoto kutoka upande mmoja peke yake.

Mama-mkwe aliyatazama yale maharagwe kwa muda. Halafu akasema kwamba kule Walungu babu yake alikuwa na dada mweupe, aliyetoka nje jioni tu. Watu waliacha kumtaja kwa sababu alikufa kijana, na kidonda nyuma ya sikio. Daktari hakushangaa. Masikio, shingo, midomo: hapo ndipo saratani ya ngozi hupenda kuanzia kwa watu wenye ualbino wa Afrika, na wengi hufika hospitali wakiwa wamechelewa. Tangu siku hiyo ile hadithi ya Mzungu haikusemwa tena nyumbani kwetu.

Kazi iliyobaki ni ya jua, na jua la Bukavu ni jua danganyifu. Mji wetu uko mita zipatazo 1,500 juu ya usawa wa bahari, karibu na ikweta, na hewa yake ni ya ubaridi. Lakini kinachochoma ngozi si joto. Ni miale ya urujuanimno, ambayo mtu haioni wala haisikii mwilini. Kila unapopanda mita 1,000 huzidi kwa kama asilimia 10, na mawingu mepesi huipitisha. Ngozi zetu huizuia kwa melanini, ile rangi nyeusi ya ngozi. Yake haina ya kutosha. Ndiyo maana alikuwa akiungua hata siku za mawingu, jambo lililokuwa limetushinda kulielewa.

Basi tukapanga upya saa zake. Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi anacheza kivulini au ndani. Nguo ndiyo dawa ya kwanza, krimu inafuata, na hili ninalisema kwa mkazo kwa sababu krimu ni ghali. Mama-mkwe, ambaye ni fundi wa cherehani, ana kipimo chake: anainua kitambaa dirishani, na akiona mwanga unapita, hakishoni. Shati jeupe jepesi la shule halipiti kipimo hicho. Kikwembe kizito kinapita. Kofia lazima ifunike masikio na shingo. Ile ya michezo yenye ulimi mbele tu huacha wazi palepale panapougua.

Krimu tunaipaka usoni, masikioni, shingoni na mikononi, yaani panapobaki wazi, nusu saa kabla ya kutoka, na kurudia kila baada ya saa mbili. Tunatafuta namba ya kinga (SPF) 50 kwenye chupa, au angalau 30. Wenzetu wa Tanzania wana Kilisun, inayotengenezwa Moshi kwa ajili ya watu wenye ualbino. Sisi tunajikusanyia dola za farmasi. Sokoni niliwahi kuuziwa maneno kwamba krimu fulani ni "ya ngozi nyeupe". Ilikuwa ya kujichubua. Hizo zenye haidrokwinoni na steroidi huharibu ngozi yoyote. Na mawese, ambayo bibi wengi huyasifu, hulainisha tu, miale haiyaogopi.

Shuleni haikuwa rahisi. Mikono mirefu na kofia wakati wa kupandisha bendera vilionekana utovu wa nidhamu, mpaka tulipopeleka barua ya daktari. Macho yake nayo hucheza na hayaoni mbali. Miwani humsaidia kiasi, haimalizi. Anakaa mbele, mbali na dirisha, na mwalimu humwazima daftari lake anakili.

Kuna hofu nyingine ambayo krimu haiigusi. Mwaka 2008, ng'ambo ya mto Ruzizi, watu wenye ualbino waliuawa huko Ruyigi, Burundi, ili viungo vyao viuzwe kwa waganga. Haendi shule peke yake, na sioni aibu kumsindikiza.

Kila anapooga Jumamosi ninamkagua ngozi, na kidonda kisichopona kwa wiki nne kinatupeleka hospitali bila mjadala. Dada yake mkubwa, mweusi kama mimi, ndiye hunishikia taa. Juzi aliuliza kama yeye pia anaibeba ile mbegu. Nilimjibu kama daktari alivyotuambia: kwa ndugu asiye na ualbino, uwezekano ni mbili kati ya tatu. Alifikiri kidogo, kisha akasema atakayemposa atamweleza kwanza habari za mashangazi wote wa ukoo wao, kabla ng'ombe hawajatolewa.