Mashine ya maji hainunuliwi kwa ukubwa wa geti

Kuna dada mmoja maarufu hapa Kipawa, jina kapuni. Maji ya kisima chake ni magumu: sabuni haitoi povu, birika lina ukoko mweupe. Fundi anamshawishi anunue mashine kubwa ya kulainisha maji, eti ya hadhi yake, kwa hela ya ada ya watoto.

Nikamwambia, hesabu watu, sio vyumba. Watu 5 kwa lita 100 ni lita 500 kwa siku. Maabara wakikuta ugumu wa miligramu 300 kwa lita, mashine inanasa gramu 150 kila siku. Kwa wiki ni kama kilo moja, ndipo ijisafishe kwa chumvi. Inamtosha hiyo. Na kama maji yana chumvi, haiitoi.

Au nasema uongo, wadau?