Jitu la Chuma na Boti ya Watu Kumi

Inyonga hakuna bandari. Ziwa la karibu la maana ni Tanganyika, na ukitoka kwetu mpaka uyaone maji yake ni lazima ufike kwanza Mpanda, kisha uteremke magharibi hadi Karema au Ikola. Sisi tuna miombo, mizinga ya nyuki, mabani ya tumbaku na, siku hizi, lami inayotuunganisha na Tabora. Mtoto wa hapa anaweza kumaliza darasa la saba hajawahi kuona meli. Lakini muulize habari za jiji la Bandarini, atakueleza mtaa kwa mtaa.

Bandarini haipo kwenye ramani. Imezaliwa ndani ya kibanda umiza: bati juu, turubai pembeni, mabenchi ya mbao, spika moja inayotikisa kifua. Filamu inayopendwa sana humo ni Pacific Rim ya Guillermo del Toro, ya mwaka 2013, ambayo madude makubwa yanatoka chini ya bahari kuja kubomoa miji, na binadamu wanajibu kwa kuunda maroboti marefu kama maghorofa. Kwa kawaida roboti linaendeshwa na watu wawili walioko ndani yake, akili zao zimeunganishwa. Mwanzoni filamu inapita Anchorage, kule Alaska, halafu sehemu kubwa ya vita inapiganwa Hong Kong. Ila jamaa aliyeitafsiri kwa Kiswahili, katika ule mtindo tuliouzoea tangu enzi za kaseti za Lufufu, hakuwa na muda wa majina hayo. Kila mji wenye maji kwake ni Bandarini. Kwa hiyo watoto wanaona jiji moja tu, kubwa ajabu, linalovamiwa kila siku na kuokolewa kila siku.

Ni filamu ya makelele, wala sitaitetea sana. Kuna mahali roboti linaburuta meli nzima barabarani na kulitandika dude nayo kama rungu, na hapo ndipo kibanda kinapolipuka kwa shangwe. Mpwa wangu hashangilii hapo. Yeye ana miaka 11, na sehemu yake iko mwanzoni kabisa, watu wengine wakiwa bado wanatafuta pa kukaa.

Usiku, bahari imechafuka, boti ya wavuvi iko katikati ya mawimbi na dude linakuja. Roboti lipo jirani. Mkuu wa kikosi ameshatoa amri: kazi yenu ni kulinda jiji la watu milioni 2, msilihatarishe kwa ajili ya boti yenye watu 10. Ndugu wawili walio ndani ya roboti wanaangaliana, wanaamua kutotii. Jitu linainama, linaiokota ile boti kwa viganja viwili, maji yakichuruzika kati ya vidole, na kuihamishia pembeni. Baadaye uamuzi huo unamgharimu mmoja wao maisha. Mpwa wangu ameilipia sehemu hiyo mara nyingi kuliko mama yake anavyojua.

Baba yake, yaani shemeji yangu, alikuwa mtu wa Ikola. Alifanya biashara ya dagaa na migebuka. Boti yao ilipinduka usiku wa upepo, ikiwa na mzigo. Wavuvi waliokuwa na karabai zao walisikia kelele wakapiga kasia, wakawatoa watatu. Yeye hakuwemo. Dada akarudi nyumbani Inyonga na mtoto, mbali na maji.

Likizo iliyopita yule mtoto aliniuliza, kwa sababu mimi ni mwandishi wa habari na kwake hiyo maana yake ni mtu anayejua kila kitu: “Shikamoo mjomba. Eti yale maroboti ya kuokoa watu yapo kweli?”

Nikaanza na Japani, kwa kuwa maroboti haya asili yake ni huko. Mitsuteru Yokoyama, mchoraji wa katuni mzaliwa wa Kobe, alianza kuchora jitu la chuma liitwalo Tetsujin 28 mwaka 1956. Kobe ni jiji la bandari kwelikweli. Tarehe 17 Januari 1995 tetemeko la ardhi lilililaza chini na kuua watu zaidi ya 6,000. Mwaka 2009, kwenye wilaya ya Nagata iliyoungua vibaya, wakaliinua jitu la Yokoyama la chuma kitupu, kubwa kama jengo, ngumi moja juu. Linasimama pale hadi leo. Halitembei.

“Kwa hiyo ni sanamu,” akasema. Nikamwambia ndiyo, ni sanamu, lilijengwa watu wakiwa wameshakufa. Hakulipenda hilo jibu, na sikumlaumu.

Wako watu wazima wanaocheka ndoto hizi za mashine kubwa. Mimi nimefanya kazi Mwanza miaka kadhaa, na ukikaa Mwanza unajifunza kutocheka. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilipinduka ikiwa karibu kufika. Haikuzama mara moja. Ilielea tumbo juu, na ndani yake kulikuwa na watu hai, wakigonga chuma. Waliokuwa juu yake waliwasikia. Likatobolewa tundu ili watolewe. Hewa iliyokuwa imeibeba meli ikatoka, na meli ikaenda chini pamoja na waliokuwa wakigonga. Wapo wenzangu wa Mwanza, watu wa makamo sasa, ambao ukiitaja habari hiyo wanagonga meza kwa kidole bila kujua kuwa wanagonga. Siku ile kilichohitajika kilikuwa kitu kimoja tu: mkono mkubwa wa kuinua. Kobe wana jitu lao. Mwanza tuna makaburi ya Igoma.

Miaka 22 baadaye, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kikapinduka Ukara, hatua chache kabla ya gati. Zaidi ya watu 200 wakafa. Siku mbili baadaye wapiga mbizi walimtoa fundi mmoja wa mitambo akiwa hai. Hizo siku mbili ndizo huwa zinanirudia usiku.

Halafu ikaja Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air ikaangukia ziwani ikijaribu kutua Bukoba, ina watu 43. Waliofika wa kwanza walikuwa wavuvi. Kijana Majaliwa Jackson alifika na mtumbwi na kasia. Baadaye watu walibishana sana nani hasa aliufungua mlango, ubishi ambao mimi naona ni wa watu waliokuwa nchi kavu. Walitoka hai 24. Watu wa ufukweni waliivuta ndege kwa kamba, kwa mikono. Majaliwa akapewa shilingi milioni 1 na nafasi katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Nilifurahi kama kila mtu. Ila nilijiuliza pia wale wa karabai waliowatoa watatu Ikola waliandikwa wapi. Hawakuandikwa popote, kwa sababu boti yao haikuwa ndege. Ilikuwa ile boti ya watu 10, ambayo mkuu wa kikosi alishaitoa kwenye hesabu.

Nikamweleza mpwa wangu kuwa ziwa la baba yake lina jitu lake la chuma, na hili limetembea. MV Liemba iliundwa Ujerumani, Papenburg, mwaka 1913, ikafunguliwa vipandevipande, ikapakiwa kwenye makasha na kuja kuunganishwa Kigoma. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha isichukuliwe na maadui, lakini kwanza mafundi wakaipaka mitambo grisi nene, kama mtu anayemfunika mgonjwa shuka. Ikainuliwa kutoka majini mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Mei 2015, wakimbizi wa Burundi walipojazana kwa makumi ya maelfu pale Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na ziwa, ndiyo iliyowahamishia Kigoma, mamia kwa mamia kila safari.

Macho yake yakawaka. Akauliza kama iliwaokota kwa mikono.

Hapana. Kagunga hakuna gati la meli kubwa. Liemba ilisimama mbali na ufuko, na boti ndogo za mbao ndizo zilizokwenda na kurudi, kina mama na vichanga, magodoro, wazee waliobebwa mgongoni, mpaka jitu likajaa. Ndivyo ilivyo katika vijiji vingi vya mwambao ule. Jitu halifiki, anayefika ni mwenye kasia. Kuna miaka Liemba yenyewe ilikaa Kigoma ikisubiri matengenezo.

“Basi hao wa boti ndogo,” akauliza, “wao anawaokoa nani?”

Baba yake mdogo bado anavuka usiku. Mwaka jana nilipita Ikola jioni, wakati wa kupakia. Nilihesabu boti saba. Majaketi ya kujiokolea niliyaona mawili, yote yamekaliwa, moja na nahodha na jingine na mama mwenye mtoto, kwa sababu mbao za boti zile ni ngumu na safari ni ndefu.