Mkate, Uzito na Akili ya Kupambanua



Katika mikutano yetu ya miezi hii, hapa Butembo na hata Beni nilikoalikwa kutoa mafundisho, swali moja limerudi mara nyingi: je, ni vema mtu aache mkate, mandazi na chapati ili apate afya na apunguze unene? Baadhi yenu mmelisikia katika simu zenu neno «gluteni», mkaambiwa kwamba ndiyo chanzo cha tumbo kujaa, uchovu na kitambi. Mimi mwenyewe nilikaa miezi mitano bila kuonja chakula chochote cha ngano. Basi nawajibu nikiwa mtu aliyejaribu, na pia nikiwa mwalimu aliyezoea kutafuta sababu ya jambo kabla ya kulisifu au kulilaumu.

Tuanze na kitu chenyewe. Gluteni ni protini iliyomo katika ngano, shayiri na nafaka iitwayo rai. Mnaweza kuiona kwa macho yenu. Kandeni donge dogo la unga wa ngano, liacheni kidogo, kisha lifinyangeni taratibu ndani ya bakuli la maji. Maji yatageuka meupe kama maziwa, kwa sababu wanga unatoka. Mkononi mtabaki na kitu kinachonata na kuvutika kama mpira. Hicho ndicho gluteni, na ndicho kinachofanya mkate uumuke na chapati isikatike. Fanyeni vilevile kwa unga wa muhogo: wote utayeyuka na kuondoka na maji. Muhogo hauna gluteni hata chembe.

Mkishaona hayo, hesabuni vyakula vya nyumbani kwetu. Bugali wa muhogo au wa mahindi, maharage, sombe, ndizi, viazi vya milima ya Lubero, magimbi, mchele wa upande wa Beni, mtama, samaki wa Kyavinyonge: vyote hivyo havina gluteni. Wazee wetu waliishi miaka mingi bila kuijua. Ngano ipo, hata katika milima ya Lubero wako wanaoilima, lakini haikuwa msingi wa chakula chetu. Kwa hiyo kijana wa Butembo anayetaka kuacha gluteni hahitaji kununua paketi za bei kubwa kutoka ng'ambo. Anahitaji tu kurudi kwenye chungu cha mama yake. Katika miji ya Ulaya na Marekani vyakula vilivyoandikwa «bila gluteni» vimekuwa biashara kubwa, na vingi vyao huongezewa sukari na mafuta ili viwe na ladha. Anayevila akidhani vitampunguza unene huenda akanenepa zaidi.

Hata hivyo, vijana, msiseme kwamba jambo lote ni mtindo wa matajiri. Wapo watu ambao kwao gluteni ni adui wa kweli. Ugonjwa wao huitwa seliaki. Mgonjwa anapokula ngano, kinga ya mwili wake hugeuka na kushambulia utumbo wake mwenyewe. Vile vinyweleo vidogo vya utumbo vinavyofyonza chakula hulala na kuharibika, na mtu huweza kula akashiba huku mwili wake ukibaki na njaa. Mtoto hudumaa, tumbo huvimba, kuhara hakuishi, damu hupungua.

Ugonjwa huo ulijulikana tangu zamani, lakini chanzo chake kilifahamika kwa njia ya majonzi. Katika majira ya baridi ya mwaka 1944 kuingia 1945, vita viliwaletea watu wa Uholanzi njaa kubwa, na mkate ukakosekana. Daktari wa watoto aitwaye Willem-Karel Dicke, ambaye alikuwa ameanza kuishuku ngano kabla ya hapo, aliona kwamba wakati wengine wakidhoofika, watoto wenye ugonjwa huu walipata nafuu. Mkate uliporudi, nao wakarudi kuugua. Mwaka 1950 alitoa utafiti wake, na tangu hapo dawa ya seliaki ni moja tu: kuacha ngano, shayiri na rai kwa maisha yote.

Msidhani pia kwamba ni ugonjwa wa Wazungu peke yao. Duniani kote unakadiriwa kumpata mtu 1 hivi katika kila 100, na mahali ulipoonekana kwa wingi kuliko kote ni barani Afrika, kati ya watu wa Sahara Magharibi. Mwaka 1999 watafiti walitangaza kwamba kati ya karibu watoto 1,000 wa taifa hilo waliopimwa, zaidi ya 5 katika kila 100 walikuwa nao. Wengi wa watu hao wameishi ukimbizini jangwani, ambako mahali pa maziwa na nyama ya ngamia pamechukuliwa na unga wa ngano. Sisi tunaojua maana ya kukimbia na kula chakula cha msaada tunaweza kuwaelewa.

Sasa sikilizeni neno moja la manufaa. Kwetu, kuhara kusikoisha na kukonda kuna sababu nyingi zinazotokea mara nyingi zaidi kuliko seliaki: amiba, minyoo, kifua kikuu, virusi vya ukimwi, au chakula kisichotosha. Tena mnajua jinsi watu wetu wanavyokimbilia kusema, «Amelishwa sumu.» Nimeona jamaa zikivunjika na majirani wakichukiana kwa sababu ya tumbo la mtu ambalo hakuna aliyewahi kulipima. Anayeumwa aende kituo cha afya, achunguzwe kwanza magonjwa hayo ya kawaida. Daktari akishuku seliaki, kipo kipimo cha damu, na mara nyingi huchukuliwa pia kipande kidogo cha utumbo ili kitazamwe. Lakini vipimo hivyo huhitaji mgonjwa awe bado anakula ngano. Akiiacha kabla ya kupimwa, utumbo huanza kupona na ugonjwa hujificha. Aliye na ndugu wa damu mwenye seliaki, au mwenye kisukari cha utotoni, ana sababu kubwa zaidi ya kupimwa.

Na mimi? Sina ugonjwa huo. Nilikuwa na kilo 91 kwa kimo cha mita 1 na sentimita 68. Shinikizo la damu lilikuwa limepanda, na sukari yangu ilikuwa imekaribia mpaka wa kisukari. Daktari aliniambia nipunguze uzito; rafiki akanishauri niache ngano. Nikaacha. Baada ya miezi mitano mizani ilisema kilo 83. Nililala vizuri, nikapanda vilima vya Butembo bila kuhema, na watu wakaanza kuniuliza siri.

Ningeweza kuwajibu kwamba siri ni gluteni. Lakini niliketi na daftari, nikaandika nilichokuwa nikila kabla. Asubuhi: mandazi manne na chai yenye vijiko vinne vya sukari. Mchana, wakati wa mapumziko ya shule: chapati mbili. Jioni baada ya mkutano: mkate na soda, na siku nyingine bia. Baadaye nyumbani, bugali kama kawaida. Mandazi hukaangwa, na gramu moja ya mafuta hubeba nguvu kalori 9, wakati gramu moja ya wanga au sukari hubeba 4. Nilipoacha ngano niliacha pia mafuta ya kikaango, soda na bia. Mahali pake niliweka viazi vya kuchemsha, maharage, mboga, na chai isiyo na sukari. Je, ni kipi kilichoniponya?

Nikafanya jaribio la pili. Katika mwezi wa sita nilirudisha kipande kimoja cha mkate kila asubuhi, bila kurudisha sukari wala vya kukaanga. Miezi mitatu ikapita, na uzito haukurudi. Tumbo langu halikulalamika. Hapo nikajua kwamba kwangu mimi ngano haikuwa na hatia. Hatia ilikuwa katika wingi, katika sukari, katika mafuta, na katika mazoea ya kula bila njaa. Kuacha ngano kulinisaidia kama vile ukuta unavyomsaidia mtu asiingie katika shamba la jirani. Kwa mtu kama mimi, ukuta huo una faida yake, lakini haufai kuitwa dawa.

Nawaeleza haya kwa sababu ya binti mmoja wa darasa la Kipaimara. Aliacha ngano kama mimi, kisha akaacha bugali, kisha viazi, maana alikuwa amejifunza katika simu kwamba kila wanga hunenepesha. Hakuwa mnene. Alikuwa binti wa miaka 17 mwenye umbo alilopewa na Mungu, aliyekuwa akijilinganisha na picha. Siku moja akaanguka katika mazoezi ya kwaya. Muuguzi alikuta damu yake imepungua sana. Nilikwenda kumwona na mama yake. Mama alisema neno ambalo bado nalibeba: «Mwalimu, tulikimbia na mtoto huyu mgongoni ili asife njaa. Leo anajinyima mwenyewe, na chakula kipo mezani.» Binti alilia. Tukala pamoja siku ile, polepole, bugali na maharage. Alihitaji muda, alihitaji muuguzi, na alihitaji wenzake waache kuzungumzia miili ya wengine kwa mzaha. Chakula kilekile alichokiacha mzee wa kilo 91 kwa faida, binti yule alikiacha kwa kuangamia.

Binti yule alikuwa ameacha hata Komunyo, akiogopa ngano iliyo ndani ya hostia. Hapa Kanisa lina neno la wazi, na ni vema mlijue. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 924, inataka mkate wa Ekaristi uwe wa ngano tupu. Mwaka 2003 Idara ya Mafundisho ya Imani, iliyoongozwa wakati huo na Kardinali Joseph Ratzinger, ilieleza kwamba hostia isiyo na gluteni kabisa haifai kwa sakramenti, bali ile yenye gluteni kidogo sana inakubalika, mradi iwe na kiasi cha kutosha kuufanya mkate. Mwaka 2017 Kardinali Robert Sarah, mwana wa Guinea, aliwaandikia maaskofu kuwakumbusha jambo hilo. Na kwa asiyeweza kuvumilia hata gluteni hiyo kidogo, kanuni ya 925 inafungua mlango: apokee kwa umbo la divai peke yake, naye anampokea Kristo mzima. Itafaa awe na kalisi yake ambayo haikutiwa kipande cha hostia. Mtu wa namna hiyo amwendee paroko mapema, bila aibu. Na ninyi mnaomwona amebaki kitini au amepokea kwa namna nyingine, msimnong'one. Hamjui mwili wake umebeba nini.

Kitabu cha Nabii Danieli kinasimulia juu ya vijana wanne waliochukuliwa utumwani Babeli, wakakataa chakula cha mfalme, wakaomba wapewe mboga na maji kwa siku 10, kisha walinganishwe na wengine. Nawapenda vijana wale kwa sababu mbili. Walikuwa na nia iliyo juu kuliko sura zao: hawakutaka kuusaliti uaminifu wao. Tena walikubali kupimwa. Waliweka siku, wakaruhusu macho ya mtu mwingine yahukumu. Anayebadilisha chakula chake leo ajiulize hayo mawili: nia yangu ni nini, na nani amenipima?

Jambo la mwisho ni jirani. Tangu mwaka 2014 mauaji katika eneo la Beni yamewafukuza wakulima wengi mashambani. Katika vitongoji vyetu wapo wajane wanaoamka saa tisa usiku kukanda unga, na kwa karai la mandazi wanalipa karo ya watoto. Tukipita njiani tukitangaza kwamba ngano ni sumu, tunawapokonya riziki kwa neno tusilolichunguza. Unaweza kuacha mandazi bila kumdharau anayeyauza. Na ukialikwa katika nyumba ya waliokimbia, wakakupa walicho nacho, basi kama huna ugonjwa, kula na ushukuru. Uwezo wa kuchagua chakula ni neema ambayo wengi karibu nasi hawana.

Basi jibu langu kwa swali lenu ni hili. Kama unaumwa, pimwa kwanza, ndipo uache. Kama umenenepa kupita kiasi, punguza sukari, mafuta na bia, tembea kwa miguu, na upimwe tena. Kama mwili wako ni mzima, mshukuru Mungu na ule chakula cha nchi yako kwa kiasi. Anayeutunza mwili wake autunze ili upate nguvu za kutumikia.

Maswali kwa mazungumzo ya kikundi:

1. Katika vyakula tunavyokula kila siku, ni vipi tunavyovila kwa njaa, na ni vipi kwa mazoea tu?

2. Je, yupo kati yetu anayeumizwa na maneno yetu juu ya unene au wembamba wake? Tutamrudishiaje heshima?

3. Ni ushauri gani wa afya tuliousambaza kwa simu bila kumwuliza muuguzi au daktari?

4. Parokia yetu imejiandaaje kumpokea mezani pa Bwana mtu asiyeweza kula ngano?