Upande wa Kusomea

Mjomba wangu alikuwa na studio ndogo Mombasa, chumba kimoja ambacho madirisha yake aliyaziba kwa magodoro ili honi za matatu zisiingie. Alirekodi kaswida, taarabu za harusini na matangazo ya maduka. Siku moja mwaka 2004 alimketisha Bibi, mama yake mzazi, mbele ya maikrofoni akamwomba asome daftari lake. Bibi alivaa miwani, akaanza kwa bismillahi, akasoma kwa karibu saa nzima.

Daftari lenyewe liliandikwa na mama yake Bibi, huko Lamu, kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Lina beti 41 za mawaidha kwa binti anayeolewa. Baada ya beti yanafuata mambo ya nyumbani: nani anadaiwa nini, dawa ya mtoto mwenye chango, majina ya waliozaliwa na tarehe zao. Katika ukoo wetu Bibi ndiye aliyekuwa wa mwisho kulisoma bila kusita. Alifariki mwaka 2012.

Mwaka jana Mama aliugua akalazwa siku kumi. Aliporudi nyumbani hakuomba mengi. Alisema anataka kumsikia mama yake.

Studio ilikuwa imefungwa zamani na kompyuta yake kuuzwa kama chuma chakavu, lakini Mjomba alikuwa amenakili kila kitu kwenye flashi, na kutoka kwenye flashi hadi kwenye diski. Alinipa diski hiyo ikiwa imeviringwa ndani ya mfuko wa nailoni. "Wewe ndiye uliyesomea mambo haya," aliniambia. "Mtoe bibi yako humo."

Ndani ya diski mlikuwa na folda yenye jina la Bibi, na ndani ya folda faili saba. Hakuna hata moja iliyofunguka. Laptopu yangu ilizionyesha kama karatasi nyeupe zisizo na alama, na kila programu ya kusikilizia niliyoijaribu ilidai kwamba hizo hazikuwa sauti.

Kwanza nilitafuta programu iliyozirekodi. Ilikuwa imeandikiwa prosesa za PowerPC, na laptopu yangu haina prosesa hiyo. Programu, ikishafika ndani ya mashine, ni amri za namba tu, na kila ukoo wa prosesa una amri zake. Namba inayomaanisha "jumlisha" katika ukoo mmoja inaweza kuwa upuuzi katika ukoo mwingine. Kompyuta za Macintosh zimehama ukoo mara tatu: mwaka 1994 zilitoka Motorola 68000 kwenda PowerPC, mwaka 2006 zikaenda Intel, na mwaka 2020 zikaanza kutumia prosesa za Apple yenyewe, za usanifu wa ARM. Kila zilipohama, iliwekwa programu ya katikati iliyozisoma amri za zamani na kuzigeuza kuwa za sasa.

Ile ya mwaka 2006 iliitwa Rosetta, jina la jiwe lililopatikana Misri mwaka 1799. Juu yake tangazo moja limechongwa kwa maandishi ya aina tatu, na jiwe hilo lilimsaidia Champollion kuyafumbua maandishi ya Misri ya kale mwaka 1822. Jiwe lipo mpaka leo. Rosetta ya kwanza iliondolewa katika toleo la mfumo endeshi la mwaka 2011. Ya pili ilikuja mwaka 2020, na mwaka 2025 Apple ilitangaza kwamba itapatikana kikamilifu hadi macOS 27, kisha itapunguzwa. Sina ugomvi na uamuzi wa namna hiyo. Kumweka mkalimani ni gharama: kila toleo jipya lazima lijaribiwe pamoja naye, na wanaomhitaji hupungua mwaka hadi mwaka. Nawawaza tu wale wachache wanaobaki mwisho wa foleni, na walichoshika mkononi.

Kuna njia nyingine, ya programu zinazoiga kompyuta nzima ya zamani, prosesa na vyote. QEMU, kwa mfano, inaweza kuiga PowerPC. Nilianza kuiandaa, kisha nikajiuliza ninachohitaji hasa ni nini. Sikuhitaji studio ya Mjomba ifufuke. Nilihitaji sauti, na sauti ndani ya kompyuta ni orodha ya namba tu: mara 44,100 kwa sekunde, au zaidi, mashine inapima jinsi maikrofoni ilivyosukumwa na hewa, na kuandika. Kama namba zilikuwapo, Bibi alikuwapo.

Namba zilikuwapo. Kilichopotea ni maelezo yake. Macintosh za wakati ule ziliweza kuigawa faili sehemu mbili, moja ya data na nyingine ya maelezo, na aina ya faili aliyoitumia Mjomba iliweka kasi ya upimaji na idadi ya chaneli katika hiyo sehemu ya pili. Flashi za kawaida hazina mahali pa sehemu hiyo. Huwekwa pembeni, katika vifaili vilivyofichwa, na ukihamisha tena ni rahisi vifaili hivyo kuachwa. Mgeni alifika, barua yake ya utambulisho ilibaki njiani.

Audacity, programu ya bure ya kuhariri sauti, hukuruhusu kuingiza data ghafi ikiwa utaieleza mwenyewe ni data ya namna gani. Niliieleza kwa kukisia: chaneli mbili, kasi ya 48,000, mpangilio wa baiti uliozoeleka leo. Ilitoka kelele tupu, kama mvua ya masika juu ya mabati.

Kuhusu huo mpangilio. Baiti moja haiwezi kubeba namba inayozidi 255, kwa hiyo namba kubwa hugawanywa. Namba 258 ni 256 moja na 2 juu yake, basi baiti zake ni 1 na 2. PowerPC ya Mjomba iliandika ile kubwa kwanza: 1, 2. Intel huanza na ndogo: 2, 1. Ukiisoma kwa upande usio wake, 258 inageuka 513. Mwaka 1980 Danny Cohen aliandika makala kuhusu ugomvi huu wa wahandisi, akazipa kambi mbili majina kutoka Gulliver's Travels ya Jonathan Swift, ambamo watu wanapigana vita juu ya upande wa kuvunjia yai.

Mimi niliwaza daftari. Linasomwa kutoka kulia kwenda kushoto, na ukilifungua kama tufunguavyo vitabu vya shule, utaanzia mwisho.

Nilichagua kubwa kwanza. Mvua ikakatika. Ikaja sauti ya mtu, nyembamba na ya mbio kama ya katuni, kwa sababu chaneli moja ilikuwa ikisomwa kama mbili. Nikaweka moja. Mwendo ukapungua, lakini bado alikuwa msichana. Nikashusha kasi hadi 44,100, na msichana akazeeka papo hapo akawa Bibi, akikohoa, akimwuliza Mjomba kama hicho kidude chake kimeshaanza kusikia.

Mama alimsikiliza akiwa amejilaza, macho ameyafumba. Kuanzia ubeti wa tano alikuwa akivitamka vina kabla Bibi hajavifikia.

Nilidhani kazi imekwisha, kumbe ilikuwa inaanza. Nilikuwa na daftari, na nilikuwa na sauti inayolisoma neno kwa neno. Herufi za Kiarabu nazijua tangu chuoni, lakini hazikuwahi kunitosha. Katika mwandiko wa zamani wa pwani, herufi be ilibeba b, p na mb. Kasra ilikuwa i na pia e. Kwa mwandiko huo "bibi" na "pembe" yanaweza kuandikwa kwa namna moja. Aliyelelewa na shairi hachanganyikiwi. Anayebahatisha kama mimi hukwama kila mstari wa pili. Sasa nilikuwa na Bibi sikioni na kidole kwenye karatasi, na kila jioni tulimaliza beti mbili au tatu.

Kiswahili kiliandikwa hivyo kwa karne kadhaa. Barua kutoka Kilwa za mwanzoni mwa karne ya 18 zimehifadhiwa Goa hadi leo. Kisha zikaja shule za wamisionari na za serikali ya kikoloni, na herufi za Kilatini. Hakuna aliyewawekea kina Bibi programu ya katikati.

Ndani ya daftari tulikuta fomu iliyokunjwa, ya ofisi moja ya miaka ya 1970, iliyojazwa kwa niaba yake. Penye elimu, karani ameandika kwamba hajui kusoma. Penye sahihi pana alama ya dole gumba. Fomu hiyo Bibi aliihifadhi katikati ya beti alizozisoma karibu kila wiki. Niliisoma mara mbili, nikakumbuka laptopu yangu ilivyosema kuhusu faili zake saba.

Sasa sauti iko kwenye faili za WAV, nakala tatu katika nyumba tatu, pamoja na beti zote kwa herufi za aina mbili. Kila diski ina karatasi iliyoandikwa kwa kalamu: chaneli moja, biti 16, mara 44,100 kwa sekunde, na iwapo baiti inaanza kubwa au ndogo. Baada ya miaka michache itabidi mtu azifungue tena, aone kama bado zinazungumza, azihamishe. Binamu zangu wawili wamekubali.

Pembeni mwa ukurasa wa mwisho wa beti pana mstari mmoja kwa wino tofauti. Bibi hakuusoma siku ile. Una maneno manne, na matatu nimeyapata. La kwanza, Mama anasema ni "bibi". Mjomba anashikilia ni "pembe", kwa kuwa nyumbani kwao Lamu palikuwa na pembe iliyopulizwa siku za harusi. Mstari unakubali yote mawili. Katika nakala ya herufi za Kilatini, mahali pa neno hilo nimepaacha wazi.